Kashata kubwa: zinashika wapi, na wapi zinakuchosha bure?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwongoza watalii hapa Lushoto. Mgeni mmoja alipomaliza safari yake aliniuzia baiskeli yake ya mlimani, ya inchi 29. Matairi yake ni Maxxis: mbele Assegai 2.5, nyuma Minion DHR II 2.4, kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira, ni ndefu utadhani za trekta. Nikishuka njia za msituni naona raha. Lakini nikipanda lami kutoka Mombo, wenzangu wenye matairi ya kawaida wananiacha huku wakipiga stori. Tena wiki iliyopita nilianguka kwenye kona ya moramu kavu, mahali ambapo kijana mmoja hupita kila siku na Phoenix yake na gunia la mkaa nyuma. Je, matairi haya yanafaa huku kwetu, au niyauze ninunue ya kawaida?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa michubuko. Nianze na swali langu kabla ya lako: siku ulipoanguka, matairi yalikuwa na upepo kiasi gani? Hukuandika, na wala sikushangai, maana huku kwetu upepo haupimwi, unajazwa tu. Fundi anapampu mpaka kidole gumba kisibonyee, analipiga tairi kofi, likilia anasema tayari. Kwa Phoenix yenye tairi jembamba na gunia la mkaa nyuma, yuko sahihi kabisa. Kwa tairi lako la inchi 2.5, amelifukuza kazi.

Kwa hiyo usiuze yote mawili. La mbele libaki, la nyuma ulibadilishe pesa ikipatikana, na kabla ya yote hayo shusha upepo. Ukiishia kusoma hapa utakuwa umepata sehemu kubwa ya jibu. Ukitaka kujua sababu, tuendelee.

Tairi lako la mbele lilitengenezwa kwa kushirikiana na Greg Minnaar, mtu wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa mbio za kushuka mlima mara nne: 2003, 2012, 2013 na 2021. Jina lenyewe, Assegai, ni jina la mkuki. Ubingwa wa 2013 aliuchukulia nyumbani kwao, na alivuka mstari wa mwisho tairi la nyuma likiwa limeishiwa upepo. Sasa fikiria kazi ya mtu wa namna hiyo. Hapandi Mombo kwenda Lushoto kwa miguu yake. Anapandishwa juu kwa gari au kwa lifti ya waya, kisha anashuka kwa dakika chache kwenye mawe, mizizi na udongo uliochimbika, akitafuta kitu kimoja tu: mbele kusiteleze. Tairi linalompa hicho linakula nguvu anapokanyaga pedali, lakini yeye pedali zenyewe hazikanyagi sana. Hivyo wewe umenunua chombo cha kushukia, halafu unakilaumu kwa kupanda.

Sasa kashata. Watu wengi wanaamini kwamba kashata ikiwa kubwa zaidi inashika zaidi, popote. Si kweli. Kashata ni kama jembe: inafanya kazi pale inapoweza kuzama. Ardhi ikikubali kuchomwa, kashata inaingia, inajiegemeza kwenye udongo ulio pembeni yake, na tairi haliwezi kuondoka mpaka ule udongo ukatike. Ardhi ikikataa, kama lami, mwamba au moramu iliyopigwa jua miezi mitatu, kashata inabaki imesimama juu ya ncha yake. Hapo kinachokushika si umbo tena, ni mpira wenyewe: ulaini wake na eneo linalogusa chini. Na tairi lenye mapengo makubwa kati ya kashata linagusa kwa eneo dogo kuliko tairi lenye kashata fupi zilizosongamana. Juu ya hapo, kashata ndefu ikibanwa upande hujipinda, na wewe kwenye usukani unasikia kama baiskeli inaogelea.

Ndiyo maana msituni unaona raha. Njia za Magamba zina udongo mweusi uliofunikwa na majani, laini, wenye unyevu karibu mwaka mzima. Pale kashata zako zinatoboa majani na kushika udongo wa chini, wakati tairi la kashata fupi linabaki likiteleza juu ya majani kama kandambili kwenye sakafu ya bafu. Hapo hakuna mjadala. Mizizi ndiyo yenye mjadala. Mzizi uliolowa hauchomeki. Kashata haikusaidii kitu, bali mpira laini na upepo mdogo unaoliacha tairi lijikunje kuufuata mzizi. Usiuvuke kwa mshazari, wala usishike breki ukiwa juu yake. Achia breki mapema, vuka ukiwa umenyooka, breki utashika ng'ambo. Hilo halina tairi. Hata Minnaar akibana breki juu ya mzizi uliolowa atakwenda chini.

Turudi kwenye kona yako ya moramu, maana hapa ndipo penye somo. Moramu kavu ni kitu cha hila. Chini ni kugumu kama saruji, juu pametandazwa vijiwe vya duara vilivyobanduka. Mwaga punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji, kisha ukimbie juu yake na viatu vya mpira wa miguu: vijino vya kiatu haviwezi kutoboa saruji, na punje zinabiringika chini yake. Hali ndiyo hiyo. Kashata zako za katikati zilikuwa juu ya punje. Tairi likiwa limejaa upepo kama jiwe, katikati yake inavimba, na sehemu inayogusa chini inakuwa ukanda mwembamba tu. Kashata za pembeni, zile kubwa ulizolipia pesa, zilikuwa hewani zinatazama.

Nadhani kulikuwa na kosa la pili pia. Wengi tukiogopa kona tunainamisha mwili kuelekea ndani ya kona na kuiacha baiskeli imesimama, kisha tunabana breki ya mbele. Fanya kinyume chake. Breki imalizike kabla ya kona. Ndani ya kona baiskeli ilale, mwili wako ubaki juu yake, na mguu wa nje ukanyage pedali iliyo chini kwa uzito wako wote. Baiskeli ikilala ndipo kashata za pembeni zinapogusa ardhi, na hizo ndizo zinazosukuma vijiwe kando na kutafuta ukingo wa kujiegemeza. Uzuri wa Assegai ni kwamba kati ya kashata za katikati na za pembeni kuna kashata nyingine za kati, hivyo tairi halina pengo la ghafla unapoanza kulala. Ndugu yake, Minion DHF, ana mfereji mpana hapo; kwake ukilala nusu nusu unajikuta katikati ya mfereji, hujashika huku wala kule, mpaka ulale kwelikweli.

Na huyu kijana wa mkaa? Kwanza anapita pole pole, mwendo ambao hata tairi kipara lingepita. Pili, anaijua kona ile kuliko sebule ya kwao. Usijilinganishe naye, mdogo wangu. Mimi mwenyewe nilivunjika mtulinga kwenye moramu ya aina hiyo, nikiwa na matairi mapya kabisa niliyoyajaza mpaka psi 40 (psi ndicho kipimo cha upepo) nikidhani ugumu ndio usalama. Yule aliyenipita nikiwa nimekaa mtaroni alikuwa mzee na ndoo mbili za maziwa.

Basi upepo kiasi gani? Tafuta kipimo kidogo cha kidijitali cha baiskeli. Usitumie cha kituo cha mafuta, kile kimetengenezwa kwa magari na chini ya 30 hakiaminiki sana. Tena baiskeli yako huenda ina vali nyembamba isiyoingia kwenye mdomo wa pampu yao bila kiunganishi. Kama wewe ni mtu wa kilo 70 hivi na matairi ni tyubulesi, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Kama yana tyubu ndani, ongeza nne au tano kila moja, kwa sababu tairi likijibonyeza kwenye jiwe mpaka kugonga ringi, tyubu inapata matundu mawili yaliyopangana kama meno ya nyoka. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Ukisikia ringi inagonga mawe, ongeza mbili. Ukiona baiskeli inadundadunda kwenye barabara iliyojikunja kama bati, punguza mbili. Siku ya safari ndefu ya lami jaza 35, ukifika juu uache nyingine itoke. Psi mbili ni kitu kidogo sana kwa macho, lakini kwa tairi la upana huo utaisikia.

Tope nilipitie, japo linanikera. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa masika una tabia mbili. Saa ya kwanza ya mvua ni utelezi wa juu tu, chini bado ni kugumu. Kashata zako zinatoboa ule utelezi na unakwenda vizuri wakati wenye matairi ya kashata fupi wanacheza mduara. Ukishalowa mpaka ndani unageuka kuwa gundi. Unajaa kwenye mapengo ya kashata, unakauka, na baada ya mita mia mbili unaendesha duara la udongo, kashata hazionekani tena. Tairi la tope halisi ni jembamba kidogo, lina kashata ndefu zilizoachana sana ili tope lirushwe gurudumu likizunguka. Assegai lako lina kashata nyingi mno kwa kazi hiyo. Ukiwa na kasi linajisafisha, ukipanda pole pole linajaa. Dawa ni kupita pembeni penye nyasi, au kushuka na kusukuma. Ukiteremka mpaka tambarare na kukutana na udongo mweusi wa mbuga uliolowa, hapo hata usukume hutasukuma, utabeba. Hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza tairi la udongo ule.

Sasa lami, ambayo ndiyo iliyokufanya uandike. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita elfu moja. Wengi watakwambia tatizo ni uzito: tairi lako la mbele lina zaidi ya kilo moja, wakati tairi jepesi la mbio za msituni lina gramu 700 hivi. Hebu tupige hesabu. Wewe na baiskeli na maji mna kilo 85. Ukiongeza kilo moja kwenye mzigo huo, safari ya saa tatu inarefuka kwa dakika mbili. Dakika mbili! Hizo utazipoteza Soni ukinunua ndizi.

Kinachokuua ni mpira. Kila tairi linapozunguka linabonyea na kurudi, kashata zinapinda na kunyooka maelfu ya mara, na kila mara sehemu ya nguvu yako inageuka kuwa joto ndani ya mpira. Mpira laini ndio mbaya zaidi kwa hilo, kwa sababu ulaini uleule unaoshika mzizi ndio unaomeza nguvu. Kwa makadirio yangu, matairi ya aina yako yanakula kwenye lami karibu mara mbili ya yale ya kashata fupi. Kwenye mlima huo hiyo ni sawa na kuongeza dakika ishirini mpaka thelathini kwa safari ya saa tatu. Kwa hiyo wenzako hawakushindi miguu. Wewe umebeba abiria asiyeonekana.

Soma ubavuni mwa matairi yako. Ukikuta maandishi MaxxGrip, huo ndio mpira laini kuliko yote wanayoyaweka kwenye matairi hayo: unashika kama mjusi na unakwisha kama sabuni. Ukikuta MaxxTerra, ni wa kati, na huo unaweza kuishi nao. Angalia pia EXO au DD au DH. Hayo yanakwambia unene wa mwili wa tairi. EXO ni jepesi lenye ubavu ulioimarishwa, DD ni nene zaidi, DH ni la mashindano ya kushuka, zito na gumu. Mgeni aliyepanga kushuka tu anaweza kuwa amefunga DH nyuma, na kama ndivyo, hapo hapo umepata nusu ya uchovu wako.

Lami iliyolowa ni jambo jingine. Usiogope kwamba tairi litapanda juu ya maji kama la gari. Kwa kasi ya baiskeli halifanyi hivyo. Kinachotokea ni kwamba kwenye zile kona za kushukia Soni ukilala sana, kashata za pembeni zinajipinda bila onyo na baiskeli inaruka upande kidogo kabla ya kushika tena. Lala kidogo kuliko unavyolala msituni.

Ukishuka kabisa mpaka mashamba ya mkonge, mambo ni mawili tu. Mchanga: kashata zinauchimba badala ya kuelea juu yake, kwa hiyo upana na upepo mdogo ndivyo vinavyokuvusha, na hapo inchi 2.5 inakusaidia kuliko kashata zenyewe. Miiba: mwiba wa mgunga na mbigili hauulizi kashata ni kubwa kiasi gani, unaingia kwenye pengo. Kama bado una tyubu na ringi zako zinaruhusu, geuza tyubulesi, weka mililita 100 za dawa ya kuziba pancha kila tairi, na uiongeze kila miezi miwili au mitatu kwa sababu kwenye joto hukauka. Ukichomwa na mwiba usiung'oe mbugani, mara nyingi huo ndio kizibo. Ufike nyumbani kwanza, uung'oe, uzungushe gurudumu.

Sasa la nyuma. Kwa nini nasema la mbele libaki na la nyuma libadilishwe? Kwa sababu yanateleza tofauti. La nyuma likiteleza unacheza kiuno na unaendelea. La mbele likiteleza uko chini kabla hujajua. Na uzito wako mwingi umekaa juu ya la nyuma, kwa hiyo nguvu nyingi inayomezwa na mpira inamezwa huko. Ukiweka nyuma tairi linaloviringika kwa urahisi unapata faida kubwa ya kupanda na kupoteza usalama kidogo. Maxxis Rekon ya 2.4 ingekufaa: katikati kashata fupi zilizopinda mbele ili zijiviringishe, pembeni zimesimama vya kutosha. Schwalbe Nobby Nic ni ya ukoo huohuo. DHR II uliyo nayo usiitupe. Katikati ina kashata pana kama kafi, zilizochorwa kwa ajili ya kushika breki, na pembeni ina kashata za mtindo wa DHF. Masika ikiwa imechachamaa uirudishe nyuma, na Assegai likizeeka itakaa mbele bila aibu.

Lakini kabla ya kununua chochote, angalia mshale ubavuni. Unaonyesha tairi linavyopaswa kuzunguka. Nimepokea baiskeli nyingi kutoka kwa mafundi wa pancha zikiwa na tairi lililofungwa kinyume, na kashata zilizochongwa kwa ajili ya kuviringika zinakuwa ukuta. Huenda sehemu ya uchovu wako ikatoka hapo bila hata shilingi moja.

Jambo moja nje ya swali lako, uniwie radhi. Kashata zile ukifunga breki ya nyuma kwenye mteremko zinalima. Kwenye miteremko ya Usambara mfereji mmoja wa tairi mvua ikiuona inaugeuza kuwa korongo, na njia hizo ni za akina mama wanaotoka shamba na mizigo kichwani kabla ya kuwa za wageni wako. Wafundishe wageni kushika breki zote mbili kwa upole, bila kufunga gurudumu.

Mwisho ni namna ya kununua, maana matairi mengi ya aina hii yanakuja mitumba. Ringi yako ya 29 ubavuni imeandikwa 622, yaani kipenyo chake kwa milimita. Ndiyo ileile ya baiskeli za mbio za 700C, kwa hiyo njiani ukikwama, tyubu ya 700C pana kidogo itakuokoa, hata ya 26 ikivutwa itakufikisha nyumbani. Lakini tairi la Phoenix, lile la 28 kwa moja na nusu, ni 635. Litaingia kwa urahisi wa kushangaza, kisha litachomoka siku unayoshuka. Fundi akikwambia yote ni saizi moja, mwonyeshe namba. Ukishalishika tairi la mtumba, pindisha kashata ya pembeni kwa kidole gumba na utazame shina lake. Ukiona nyufa pale chini, au kashata inabaki imelala, mrudishie mwenyewe.